Siku ya Kezia, Siku ya Mwenyekiti

Mama Kezia Nyamhanga aliingia katika baraza letu la eneo, pale Migori, mwaka wa 1965, akiwa na kikapu cha ndizi kichwani, viatu mkononi, na jambo moja tu moyoni. Viatu alivivaa mlangoni. Ndizi aligawia ofisi nzima, hata askari wa geti alipata yake. Lile jambo moja lilituchukua mwaka mzima, na mimi Roselyn, mpiga taipu wa baraza, nililichapa mara nyingi hadi vidole vikalijua kuliko jina langu.

Jambo lenyewe lilikuwa daraja la miguu. Chini ya Ntimaru kuna mto ambao wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowa goti, na mvua ikishanyesha kule juu, unabeba ng'ombe mzima. Kezia alikaa upande wa sokoni. Binti yake wa pekee, Mellen, aliolewa ng'ambo. Masika yalipoanza, mama na binti walisimama kila mmoja kwenye ukingo wake, wakapigiana kelele za salamu juu ya mngurumo wa maji, na nusu ya maneno yakaenda na mto. Mellen alipojifungua mtoto wa kwanza, Kezia alimwona mjukuu akiwa ameinuliwa juu kwa mikono miwili, ng'ambo ya maji. Alipompakata kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa tayari ana meno. Kezia alinisimulia hayo kwa sauti kavu kabisa, huku akitafuta chumvi kwenye mkoba wake. Mimi ndiye niliyelia.

Alikuwa mjane. Marehemu Nyamhanga alimwachia shamba la wimbi, yaani ulezi, na migomba, na deni la maneno kwa majirani, maana alikuwa mtu wa kugombana. Kezia alilipa hilo deni kwa upole wake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wa Ntimaru wakasahau kwamba waliwahi kumkasirikia mtu wa boma lile. Kiswahili alikipata kwenye biashara ya mpakani, akiuza wimbi huku na kununua chumvi kule. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya chini, ile ya wanaume, kwa sababu wanaume walikuwa wachache na yeye hakutaka wimbo uharibike. Alipoteuliwa kuwa diwani, mwanamke wa kwanza kwetu, waheshimiwa walidhani atataka kamati ya afya. Yeye akasema anataka Kamati ya Barabara na Madaraja. Wakampa, wakicheka kidogo.

Kicheko kilikatika pale mtu mmoja alipokumbuka mwenyekiti wa kamati hiyo ni nani. Ni Matiko Gisiri, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, mwenye kofia nzuri na roho nzuri zaidi. Tena ni mume wa Mellen.

Sisi Wajaluo tuna heshima zetu za ukweni, na si ndogo, lakini kwa jambo hili majirani zetu Wakuria wametuzidi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia na kuingia porini, anageuza uso, anangoja mpaka mama apite. Kezia alinieleza kwamba miaka yote tangu arusi hajui rangi ya macho ya Matiko. Anachokijua vizuri ni mgongo wake ukizama kwenye mahindi.

"Ni kijana mzuri sana," akaniambia. "Hata akikimbia, anakimbia kwa heshima."

Sasa watu hawa wawili walitakiwa kukaa meza moja na kujadili makalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Matiko alikuwa tayari kujiuzulu. Aliyemwokoa, au tuseme aliyedhani anamwokoa, ni Zadock, karani wa kamati.

Zadock alikuwa kijana wa Sori, soksi ndefu zimevutwa hadi magotini, na hakupenda kitu duniani kama kupanga mikutano. Kuipanga ile kamati yetu kulihitaji mapenzi kweli. Diwani wa Muhuru hakuja siku ambazo mitumbwi inaleta samaki. Wasabato hawakukaa Ijumaa jua likianza kulala. Kila mahali pana siku yake ya soko, na nusu ya wajumbe ni wachuuzi. Halafu kuna matanga, ambayo hayaulizi karani. Zadock aliyaweka yote kwenye karatasi kubwa ukutani, akayachora kwa penseli za rangi, na alikuwa akisimama mbele yake asubuhi mikono nyuma, akiitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Kezia alipoingia, Zadock hakuuliza mtu. Aligawa mikutano. Yenye alama ya buluu ilikuwa ya mwenyekiti Matiko. Yenye alama nyekundu iliongozwa na makamu wake, Werema, naye Kezia alihudhuria hiyo. Mwezi wa buluu, mwezi wa nyekundu. Wawili hao hawangekutana hata kwenye ngazi. Kamati nzima ilimsifu kwa adabu aliyoonyesha. Matiko alimshika mkono kwa muda mrefu sana. Kezia alimletea jogoo.

Katika mkutano wake wa kwanza wa nyekundu Kezia alisoma ripoti ya daraja. Kusema kweli hakuisoma, aliisema, nami nilikuwa nimeichapa. Alikuja na kamba ndefu aliyoivusha mtoni yeye na wanawake wenzake, imefungwa mafundo: fundo la maji ya kiangazi, fundo la maji ya vuli, fundo la maji ya masika. Aliitandaza juu ya meza, ikavuka meza, ikateremka, ikaenda hadi mlangoni. Wajumbe waliinua miguu ili ipite. Werema akasema ni ripoti nzuri mno, ila makamu hana mamlaka ya kupitisha ujenzi. Kanuni inasema ni mwenyekiti mwenyewe. Iahirishwe.

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa buluu, Matiko aliifungua ripoti ile ile. Kanuni inasema ripoti hujadiliwa aliyeileta akiwapo ajibu maswali. Aliyeileta hayupo. Iahirishwe.

Mwezi wa nyekundu: mwenyekiti hayupo, iahirishwe. Mwezi wa buluu: mleta ripoti hayupo, iahirishwe. Zadock alikuwa na rafu aliyoiandikia RIPOTI ZINAZOSUBIRI, na ripoti ya daraja ikawa inapanda juu, inashuka chini, inapanda tena, na hakuna mtu aliyefanya kosa hata moja. Kila mtu alifuata kanuni, na kila mtu alifuata heshima. Nikikumbuka mpaka leo nataka kurusha kitu.

Kezia mwenyewe hakulalamika. Alidhani serikali ndivyo ilivyo, kwamba jambo lazima lichemke kwa muda kama maharagwe makavu. Alipanda lori kutoka Ntimaru siku moja kabla, akalala kwa dada mmoja wa kanisani, asubuhi akaja na ndizi zake. Alizipenda safari zile. Aliketi kwenye benchi karibu na meza yangu, akanifundisha kusalimia kwa Kikuria, nikamfundisha matusi madogo ya Kijaluo ambayo hakuwahi kuyatumia. Masika ya mwaka ule yalikuja yakapita. Mellen alikuwa na mtoto wa pili sasa. Kezia alimwona ameinuliwa juu, ng'ambo.

Halafu ikaja barua kutoka makao makuu ya wilaya, Homa Bay. Makadirio ya mwaka yatafungwa mwisho wa Novemba. Ripoti ambayo haijapitishwa na kamati yake itafutwa, na anayeitaka aanze upya, mipango ya barabara ikishafunguliwa tena. Lini itafunguliwa, barua haikusema. Nilikuwa natengeneza nakala nilipofika kwenye neno "itafutwa", nikaacha taipureta na kwenda kusimama mbele ya ile karatasi ya ukutani. Buluu, nyekundu, buluu, nyekundu. Hapo ndipo nilipoona.

"Zadock," nikamwita, "kuja hapa. Hii kalenda yako ndiyo inakula daraja ya Mama Kezia."

"Roselyn, wacha mchezo."

"Mchezo gani? Niambie ni siku gani hawa wawili wako pamoja."

"Si ndiyo maana! Hawawezi kuwa pamoja."

"Na ripoti inataka wawe pamoja."

Zadock aligeukia karatasi yake. Aliinua kidole, akafuata miezi mmoja mmoja hadi Novemba, ambao ulikuwa wa buluu. "Yawa," akashangaa kwa Kijaluo, polepole, akakaa kitini. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia zaidi, lakini uso wake ulinishinda. Alikuwa amempenda yule mama, na alimfanyia adabu yote aliyokuwa nayo.

Kezia alipokuja mkutano wake wa Oktoba, sisi wawili tulimwambia ukweli. Zadock alishauri Werema aisome ripoti kwa niaba yake siku ya mwenyekiti.

"Werema ni mtu mzuri," Kezia akasema. "Lakini yeye hajavuka hiyo mto na mzigo kwa kichwa. Wakimuuliza swali moja tu, amekwisha." Alimenya ndizi, akaila yote bila haraka, akakunja ganda. "Hapana. Mimi nitakuja siku yake."

"Mama," nikasema, "na heshima?"

"Heshima nitakuja nayo, binti yangu. Siwezi kuiacha Ntimaru."

Siku ya buluu ya Novemba mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Matiko alikuwa ndani, kwenye kiti chake kikubwa cha mbao, wajumbe wamekaa. Kezia alifika, akavaa viatu, akajifunika shuka kichwani hadi kwenye nyusi, akasimama nje barazani kando ya dirisha, mgongo ameuelekeza ukutani. Kamba yake ilikuwa begani. Zadock akaingia na kutangaza, kwa sauti iliyokosa mate, kwamba diwani wa Ntimaru amehudhuria.

Hapo wanaume wazima wakaanza kubishana. Mtu aliye barazani yuko mkutanini au hayuko? Diwani wa Muhuru alisema dirisha likiwa wazi, yuko. Mwingine akasema basi hata askari wa geti yuko, naye ahesabiwe. Werema akataka kujua kama ukuta ni sehemu ya chumba au ni sehemu ya nje. Nilikuwa kwenye kona na daftari la kuandikia kumbukumbu, na niliwaza kwamba tukiendelea hivi tutajadili unene wa ukuta mpaka Novemba iishe. Matiko alikuwa amevua kofia, anaipapasa ukingo, na jasho lilimtoka kwenye asubuhi ya baridi. Nilimwonea huruma. Akiwa mwenyekiti alitakiwa amwite ndani, na akiwa mkwe alitakiwa atoke mbio.

Ghafla aliinuka. Nilidhani anatoka kweli. Akashika kile kiti kizito kwa mikono yote miwili, akakinyanyua, akakigeuza, akakaa tena huku uso wake ukitazama ukuta na mgongo ukitazama kamati nzima.

"Karani," akauambia ukuta, "mwambie mheshimiwa diwani wa Ntimaru kuna kiti karibu na mlango."

"Bwana Mwenyekiti," Werema akasema, "sasa utaona aje mkono ya mtu?"

"Karani ana macho. Tuendelee."

Kezia akaingia, macho chini, akaketi. Mkutano ukaendelea, na sijawahi kuona mwingine kama ule. Alimwambia Zadock, na Zadock akauambia mgongo. Mgongo ukamuuliza Zadock, na Zadock akamuuliza Kezia, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia kila kitu mara mbili. Kamba ilitandazwa. Wajumbe wakainua miguu.

"Karani, muulize mheshimiwa, maji ya masika yanafika fundo gani?"

"Karani, mwambie mwenyekiti ni ile ya mwisho. Na yeye mwenyewe anajua, kwa sababu nyumbani kwake..." Kezia alikuwa amekaribia kumtaja Mellen mbele ya mumewe, na hilo haliendi. Akavuta shuka chini zaidi.

Tulisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati.

"Karani," Matiko akasema, "andika kwamba mwenyekiti anajua. Andika kwamba nyumbani kwa mwenyekiti mtu analia kila masika, kwa sababu mama yake yuko karibu na hawezi kumfikia. Andika hiyo yote."

Niliandika mimi, maana Zadock alikuwa ameshika penseli mbili, ile ya buluu na ile nyekundu, na hakujua afanye nini nazo. Waliounga mkono wakaombwa wainue mikono. Iliinuka yote, na Zadock akautangazia ukuta. Matiko alitia sahihi hapo hapo, karatasi ameiegemeza ukutani. Mchana ule ule ripoti ilipelekwa Homa Bay, na Zadock alikwenda nayo mwenyewe, ameipakata kifuani chini ya koti la mvua.

Daraja lilijengwa mwaka uliofuata. Lilikuwa la mbao na waya, jembamba, la kupita mtu mmoja na mzigo wake. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku ya kulifungua, na mto ulikuwa umefika fundo la pili. Afisa mmoja alitoka Homa Bay. Watu wa Ntimaru walijaa upande wa huku pamoja na Kezia na kwaya yake, na watu wa ng'ambo wakajaa upande wao pamoja na Matiko na familia yake. Zadock alikuwa amepanga ratiba, bila shaka. Baada ya maombi, mwenyekiti atavuka kuja upande wetu, apokewe, aondoke aende kukaa hemani. Hapo ndipo mheshimiwa diwani wa Ntimaru atakapovuka kwenda kule. Alikuwa amemsomea Kezia ratiba hiyo na Kezia akakubali kwa kichwa.

Maombi yakaisha. Matiko, katika suti ya kijivu na kofia yake nzuri, akakanyaga mbao za kwanza, watu wakapiga vigelegele. Wakati huo huo Mellen, kule ng'ambo, akamsimamisha yule mtoto wa pili chini, kwa miguu yake mwenyewe, karibu na kichwa cha daraja. Mtoto akapiga hatua. Kezia hakuwahi kumwona akitembea. Ratiba ilimtoka kichwani yote. Nilinyoosha mkono kumshika nikakamata upepo, maana alikuwa tayari juu ya daraja, kikapu kichwani, viatu mkononi, anakwenda.

Walikutana katikati.

Pale hapakuwa na mahindi wala kichaka cha kuingia. Kulikuwa na waya kushoto, waya kulia, na maji chini. Kezia aliinamisha uso, akasimama. Kurudi nyuma na kikapu kwenye mbao zile zilizolowa hakungewezekana, na kila mtu aliona. Zadock, kando yangu, alifunika macho kwa ratiba.

Matiko hakukaa hata kuwaza. Aliinama, akapita chini ya waya, akajiachia mtoni na suti yake yote. Maji yalimfika kifuani. Kofia ikaondoka, akaidaka, akasimama pale amegeuza uso kutazama maji yanakokwenda, kama alivyokuwa akisimama kwenye mahindi miaka yote.

Kezia alivuka. Hakutazama kando. Alifika ng'ambo, akaweka kikapu chini, akampokea mtoto aliyekuja akiyumba hadi kwenye magoti yake, na Mellen akawakumbatia wote wawili pamoja. Nililia tena, sijali nani anajua. Yule afisa wa Homa Bay alimuuliza Zadock kama mwenyekiti ameteleza. Zadock akamjibu kwamba hapana, ni utaratibu.

Kezia aliinuka na mtoto begani, akaupa mto mgongo, akaita kwa ile sauti yake ya chini ya kanisani, iliyofika pande zote mbili.

"Karani! Mwambie mwanangu asante. Na atoke kwa maji, atashikwa na homa."

Kabla Zadock hajafungua mdomo, jibu lilikuja kutoka mtoni, kwa mtu aliyekuwa bado anatazama upande mwingine.

"Karani, mwambie mama nimesikia."